Sebule Katika Jibu la Waziri

Siku mliponiaga, mshereheshaji alinipa kipaza sauti akasema niseme machache. Nilisema machache kweli, maana pilau lilikuwa linapoa na mkuu wetu alikuwa na safari. Sasa niko nyumbani kwangu Rasbura, hapa Lindi, kuku wananizunguka na hakuna anayenitazamia saa. Yale niliyoyaacha siku ile ndiyo nawaandikia, ninyi mliobaki na meza yangu. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa, na mishahara mnaijua wenyewe.

Kazi yangu kubwa pale ofisini ilikuwa majibu ya maswali ya wabunge. Watu wa nje hudhani Waziri akiulizwa swali anakuna kichwa, anajibu. Maskini. Swali la mbunge wa huku kwetu linatoka Bungeni linakwenda wizarani, wizara inatuandikia sisi mkoani, sisi tunawauliza wa wilayani, wilaya inauliza kata, na mwisho kabisa yupo mwalimu au nesi au mtu wa maji anayepigiwa simu akiwa shambani kwake anapalilia. Jibu nalo linapanda ngazi zilezile. Kila ngazi mtu analichonga kidogo, mpaka linapofika mkononi kwa Waziri limelainika hata aliyelitoa halitambui. Mimi nilikaa ngazi ya katikati, mahali ambapo lawama za juu na za chini zote zinapita.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Issa. Huyu ndiye aliyeshika meza ile kabla yangu, mtu mfupi, kofia ya kiua kichwani, taipureta kubwa mbele yake ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akaniuliza, "Unajua kupika?"

Nilikasirika. Cheti changu cha chuo kilikuwa bado kina harufu ya wino, na mimi naulizwa mambo ya jikoni. Nikamwambia najua, ila sikuajiriwa kupika.

"Taratibu, binti. Nakuuliza tu. Mchuzi ukishaiva, kabla ya kuwapakulia wageni, unafanyaje?"

"Naonja."

"Basi na sisi humu tunaonjesha."

Ndiyo ilikuwa desturi yake, na ikawa yangu. Rasimu ya jibu haikutoka ofisini kwetu kabla hajasomewa, kwa sauti, mtu mmoja kati ya wale wanaozungumzwa humo ndani. Si kumwomba ruhusa. Unamsomea tu, halafu unamtazama uso. Mara ya kwanza tulikwenda Rondo kwa swali la maji. Rasimu ilisema wananchi wa eneo lile wanapata maji ya bomba. Tukamsomea mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo. Akatua ndoo, akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu zake zote, akasema, "Ahsanteni, wanangu. Hayo maji yapo kijiji gani? Nikayachote." Mzee Issa akaifuta ile sentensi palepale, karatasi ikiwa juu ya goti. Njia nzima ya kurudi Lindi alikuwa akicheka peke yake.

Jambo la pili hakunifundisha kwa maneno, nililiona mwenyewe kwa kulinganisha tulichopeleka na kilichosomwa. Wale wenzetu wa juu wanaolainisha majibu wana mikasi mikali. Wanakata sababu, wanakata matatizo, wanakata majina ya vijiji. Kitu kimoja hawakikati, nacho ni shukrani. Waziri anapenda kushukuru na kupongeza, na nani atathubutu kumpunguzia Waziri shukrani? Mzee Issa alikuwa akitania kwamba ukitaka kumpitisha mbuzi mpaka Dodoma, mfunge ndani ya shukrani. Tulicheka, tukaendelea na kazi.

Miaka ikaenda. Taipureta ikastaafu kabla ya mwenyewe. Ikaja faksi iliyokuwa inatapika karatasi zinazojikunja, ukizibandika mezani zinajikunja tena. Ikaja kompyuta, ikaja simu ya mkononi, na hatimaye kundi la WhatsApp, ambamo swali la Bunge linaingia katikati ya picha za harusi ya mtu. Mzee Issa alistaafu, akawa jirani yangu hapahapa Rasbura, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Jioni nikipita ananiuliza swali lilelile, "Leo umemwonjesha nani?" Kuna siku nilikuwa sina wa kumtaja, nikawa nazunguka njia ya nyuma.

Ndipo ukaja ugonjwa. Mnakumbuka wenyewe. Ofisi nzima ilinuka tangawizi na mchaichai, ndoo ya maji tiririka mlangoni, na mhudumu wetu akituhimiza kujifukiza kama vile amelipwa. Kwenye maandishi tulijifunza kusema "changamoto ya upumuaji", maana kila zama ina maneno yake ya kupita nayo mlangoni.

Bungeni vikao vilifupishwa, na maswali mengi yakaja kutaka majibu ya maandishi. Wageni wa kazi hii mtaona ni nafuu. Sikilizeni basi tofauti yake. Swali la mdomo lina mkia: Waziri akishajibu, mbunge anasimama na swali la nyongeza, na Waziri asiyejua anaumbuka mbele ya nchi. Kwa hiyo kila mtu, kuanzia juu mpaka chini, anaogopa, na anayeogopa huuliza ukweli. Jibu la maandishi halina nyongeza. Linachapwa, linapelekwa, limekwisha. Hakuna anayesimama. Mwaka ule niliona majibu yakipita laini namna ambayo sijawahi kuiona, na naomba mnisamehe wakubwa, lakini yalinitia simanzi.

Katika hayo likaja swali la mbunge mmoja wa huku. Kituo cha afya kimoja upande wa Somanga, nje kidogo ya barabara kuu, wodi yake ya wazazi ilikuwa imefungwa ili itumike kuwatenga wagonjwa wa changamoto hiyo. Mbunge aliuliza: je, lini wodi itarejeshwa kwa akina mama? Taarifa ya kutoka chini ilinifikia ikiwa na mstari mmoja: huduma za uzazi katika kituo hicho zinaendelea kutolewa kama kawaida.

Mkunga wa kituo kile nilimjua. Sista Fides, mzaliwa wa Rondo, mama mtu mzima, mpole, mwenye tabia ya kuimba nyimbo za kanisani kwa pua akifanya kazi. Tulijuana kwa swali la zamani la gari la wagonjwa, na tangu hapo kila Idi alinipigia na kila Krismasi nilimpigia. Nikampigia.

"Sista, naambiwa huduma za uzazi zinaendelea."

"Zinaendelea, Dada Somoe."

"Wodi si imefungwa? Zinaendelea wapi?"

Nikasikia mlango ukifungwa, sauti ikashuka. "Unaniuliza kama Somoe au kama ofisi?"

"Kama Somoe."

"Sebuleni kwangu."

Akanieleza yote. Hospitali ya wilaya ni mbali, nauli ya gari wengi hawana, na mtoto akitaka kuja hasubiri mtu apate usafiri. Wanawake walikuwa wanafika kituoni wameshikilia kiuno, wanaukuta mlango wa wodi una kufuli. Mara ya kwanza alimwingiza mmoja nyumbani kwake, nyumba ya mtumishi iliyo hatua chache kutoka kituoni, kwa sababu asingeweza kumwacha azalie barazani. Akaja wa pili. Akaishia kutoa viti vyote vya sebule nje, akatandika godoro na shuka la mpira juu yake, vifaa akawa anavichemsha kwenye jiko lake la mkaa. Utaratibu hauruhusu hata kidogo. Mama mmoja tu angemharibikia mle ndani, Fides angepoteza leseni, na huenda angefikishwa mahakamani. Wakubwa wake walikuwa wanajua na hawajui, kama watu wazima wanavyojua kufanya.

Nilikata simu nikabaki nimeshika kichwa. Nikiandika huduma zinaendelea kama kawaida, nimesema ukweli wa aina fulani, na kufuli litabaki mlangoni. Nikiandika zinaendelea sebuleni kwa nesi, barua ya kwanza kutoka juu haitauliza wodi itafunguliwa lini. Itauliza nani alimruhusu.

Jioni nikapita kwa Mzee Issa. Alikuwa amekaa ndani, mimi nimesimama dirishani na barakoa yangu, maana kifua chake kilikuwa kimeanza kumsumbua na wanawe hawakuruhusu mtu kuingia. Nikamweleza. Akakohoa kwanza, kisha akauliza, "Umemwonjesha?"

"Nimeongea naye kwa simu."

"Simu haina uso, Somoe."

Kesho yake nikaomba gari, nikasema nakwenda kukusanya taarifa, na si uongo. Nilifika kwa Sista Fides mchana. Barazani palikuwa pamejaa viti vya sebule vimefunikwa turubai: makochi mawili, stuli, na meza ndogo ya kioo iliyogeuzwa miguu juu. Fides akatoka na aproni, barakoa ya kitenge usoni, akaniomba radhi kwamba hana pa kunikaribisha. Akanitandikia mkeka pembeni, naye akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbali kidogo kama tulivyofundishwa. Ndani kulikuwa na mama aliyejifungua alfajiri. Mtoto alikuwa analia kile kilio cha wageni wa dunia, halafu ananyamaza.

Nikatoa karatasi nikasoma kwa sauti, kama nilivyozoeshwa. Nilipofika pale pa huduma kutolewa kama kawaida, Fides akawa anatazama mikono yake. Sauti ya yule mzazi ikatokea dirishani, ya msichana hasa, imechoka lakini ina masihara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hongera."

"Ahsante. Samahani nakukatiza. Hiyo kawaida ndiyo mimi hapa chini?"

Fides akamwambia alale, ataumia kucheka. Machozi yalinitoka, na barakoa haifichi macho.

Fides akasema, "Andika sebule. Wakiniuliza nitawaambia ni yangu."

"Watakunyang'anya leseni, Sista."

"Na wodi wataifungua?"

"Huenda."

"Basi andika."

Alisema hivyo, akainuka kwenye ndoo yake aende kumwangalia mzazi ndani. Nilimpenda sana saa ile, na nilimwogopea.

Njiani kurudi, tulipofika Nangurukuru, dereva akataka chai. Nikakaa na kikombe changu nje, naisoma tena rasimu, na mbuzi wa Mzee Issa akanijia kichwani. Namaanisha yule wa kwenye shukrani. Nikaomba kalamu kwa dereva, yangu ilikuwa imegoma, nikaandika nyuma ya karatasi ileile:

"Serikali inamshukuru kwa dhati muuguzi mkunga wa kituo hicho ambaye, baada ya wodi ya wazazi kufungwa, ametoa sebule ya nyumba yake ili akina mama wajifungulie humo, na inatambua moyo wake huo wakati wodi hiyo ikiandaliwa kurejeshwa."

Tazameni kilichomo humo. Kufuli limo, sebule imo, ahadi ya kurejesha wodi imo, na vyote vimevaa nguo ya heshima. Kisha fikirini: afisa gani atampa karipio mtu aliyeshukuriwa na Waziri kwa maandishi? Nikampigia Fides nikamsomea palepale, magari yakipita.

Akasikiliza, akasema, "Mbona unanishukuru? Nilikuambia unitaje."

"Ndivyo ninavyokutaja."

"Wataipitisha?"

"Sijui, Sista. Hilo sijui."

Na kweli sikujua. Mkuu wa kitengo chetu wakati huo alikuwa Kelvin, kijana kutoka Dar, mwenye haraka na moyo mzuri, aliyeniita Mama kazini na nje ya kazi. Akaipitia rasimu upesi, akafika kwenye shukrani, akarudi nyuma, akasoma polepole.

"Mama, hii imekaaje?"

"Ni shukrani, baba."

"Naona ni shukrani. Ila humu ndani kuna kesi." Akaegemea kiti. "Wakituuliza?"

"Wakituuliza, mimi ndiye niliyeandika na mimi ndiye niliyekwenda. Sebule nimeiona kwa macho yangu, na mtoto nimemsikia akilia."

Akazungusha kalamu vidoleni muda mrefu. Kisha akaweka saini, akanirudishia karatasi, akasema twende tukanawe mikono. Kelvin, kama unasoma haya huko ulikohamishiwa, siku ile sikukushukuru vizuri. Nakushukuru sasa.

Kusubiri ndiyo sehemu ya kazi hii isiyo na mafunzo. Fides alikuwa ananipigia, anauliza habari za nyumbani, za kazi, za mvua, halafu hakati simu, nami najua anachongoja. Akina mama waliendelea kuja. Kila simu yake ikiita nilikuwa naomba Mungu isiwe ya msiba. Wilayani kukawa na mnong'ono kwamba mkunga wa kituo fulani ataitwa ajieleze, mtu amepeleka maneno. Fides akaniambia amekwisha funga nguo zake za kanisani kwenye begi, ili akiitwa aende akiwa nadhifu.

Katikati ya kusubiri huko Mzee Issa akafariki. Kifua hakikupona. Tulimzika wachache, tumesimama mbalimbali, wanawake tukiwa barazani kwake kila mmoja na kona yake, hatuwezi hata kukumbatiana. Nilitaka sana asikie jibu likitoka. Nilikuwa nimemsomea ile shukrani dirishani siku niliporudi, na alicheka mpaka akakohoa, akaniambia, "Umemfunga vizuri huyo mbuzi." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na naona hayanitoshi mpaka leo.

Jibu lilikuja asubuhi ya siku ya kazi ya kawaida, nakala kwenye barua pepe. Nilianza kusoma nikiwa nimesimama. Mikasi ilikuwa imefanya kazi yake: maelezo yetu ya umbali hayapo, ya nauli hayapo, jina la kijiji halipo. Limebaki jibu fupi, laini. Nikateremka mpaka chini. Shukrani ilikuwepo, nzima, neno kwa neno, na mtu wa huko juu alikuwa ameongeza "na uzalendo" baada ya "moyo wake". Nikakaa. Kelvin alikuja mbio akidhani nimepatwa na jambo.

Karatasi ile ikafanya iliyoyafanya. Mbunge hakuwa na nafasi ya swali la nyongeza Bungeni, lakini alikuwa na gari. Alikwenda mpaka kituoni na jibu mkononi, akaomba aonyeshwe sebule ambayo Serikali inaishukuru. Wilaya nayo ikafika, imevaa tabasamu, kila mmoja anampongeza mkunga. Habari ya kumwita ajieleze sikuisikia tena kwa yeyote. Waliotengwa wakahamishiwa jengo la stoo lililosafishwa na kupakwa chokaa, na kufuli la wodi likafunguliwa.

Nilikwenda baadaye, siku ya mapumziko, kwa nauli yangu, na ile nakala ndani ya mkoba. Desturi ni kuonjesha kabla. Hii nilitaka kuisoma baada, kwa raha yangu. Fides alikuwa anafagia barazani. Nikamsomea tukiwa tumesimama, kuanzia "Mheshimiwa Spika" mpaka mwisho. Pale pa shukrani akaweka ufagio chini.

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

"Waziri amenishukuru mimi?"

"Wewe."

"Na sebule yangu anaijua?"

"Sasa anaijua."

Alilia bila sauti, anafuta macho kwa ncha ya kanga, nami nikalia naye, na hakuna kati yetu aliyeona haya. Kisha nikaona baraza ni tupu. Turubai limekunjwa, limewekwa pembeni.

"Ingia basi, Dada Somoe," akasema. "Siku zote nakukalisha chini kwenye mkeka. Viti vimerudi."

Nikavua viatu, nikaingia, nikakaa.